HABARI ZA JIRANI YAKO NI AMANA



Siku mlipoanza mafundisho, mwalimu wa dini alifungua daftari lake akaandika majina yenu, majina ya baba na mama zenu, na vijiji mlikotoka. Siku ya Ubatizo jina lako litaandikwa tena katika kitabu kikubwa cha misioni, pamoja na tarehe na jina la msimamizi wako. Desturi hii ni ya zamani. Mwaka 1563 Mtaguso Mkuu wa Trento uliwaamuru maparoko waandike vitabuni majina ya wasimamizi wa ubatizo na majina ya watu waliofunga ndoa.

Kitabu hicho ni cha nini? Ni kwa ajili yako. Ukitoka Kazimia ukahamia Baraka au Kalemie, au ukavuka ziwa mpaka Kigoma, na huko ukataka kufunga ndoa, paroko wa huko atauliza kwetu: Je, mtu huyu amebatizwa? Je, yu huru kuoa? Kitabu kitajibu. Lakini kitabu hichohicho chajua na mambo mengine. Chajua ni mtoto gani aliyeandikwa bila jina la baba. Padre akikichukua mpaka sokoni na kukisoma kwa sauti mbele ya watu, hatakuwa amesema uongo hata neno moja. Hata hivyo watu wote watasema: "Ametutenda vibaya." Nao watakuwa wamesema kweli.

Siku hizi viko vitabu vingine vingi tusivyoviona kwa macho. Simu uliyo nayo mkononi yaandika umempigia nani, saa ngapi, ukiwa mahali gani. Wenye biashara kubwa za ng'ambo wamekusanya habari za watu kwa mamilioni, nao wapata faida kwa habari hizo. Basi swali letu la leo ni hili: Je, mtu aweza kuzikusanya habari za mwenzake na kuzifanyia biashara bila kukosa?

KUANDIKA SI KOSA

Kwanza yafaa tujue kwamba kukusanya habari si kosa kwa lenyewe. Tuweke mfano wa mwenye duka kijijini. Yeye anajua nani hununua sabuni kila juma, nani hununua chumvi kidogo kidogo kwa kuwa mume wake ameondoka, nani ana deni la miezi mitatu. Ameandika yote katika daftari la madeni. Bila daftari hilo hawezi kukopesha, wala hajui alete bidhaa gani kutoka Uvira. Daftari lamfaa yeye, nalo lawafaa wanunuzi.

Wala kutangaza biashara si kosa. Mvuvi akifika pwani asubuhi na kuita, "Samaki wabichi! Njoni!" hamdhulumu mtu. Anayetaka samaki atakuja, asiyetaka atakaa kwake.

Lakini tuseme kwamba mwenye duka huyo ameliuza daftari lake. Amekwenda kwa muuza pombe akamwambia: "Fulani amefiwa na mke wake. Kila jioni hupita peke yake mbele ya nyumba yako. Mwite saa ile, hatakataa." Kisha amekwenda kwa mkopeshaji akamwambia: "Mtoto wa fulani yu mgonjwa sana. Mpe fedha leo, wala hatauliza riba ni kiasi gani." Amelipwa na wote wawili, akarudi nyumbani na kulala usingizi.

Aliyoyasema ni kweli tupu. Hakuiba mbuzi wala shuka. Je, hakukosa? Amekosa, tena sana. Habari zile alizipata kwa kuwa watu walimwamini. Waliziacha kwake kama mtu anavyoacha mali kwa jirani akisafiri. Yule anayekula mali aliyoachiwa twamwita mwizi wa amana. Naye anayeuza huzuni ya mjane na homa ya mtoto, tumwite nani?

TAA YA BURE

Ninyi wa kando ya ziwa mwajua namna ya kuvua ndagala. Usiku usio na mbalamwezi wavuvi huenda mbali na pwani, huwasha taa, hungoja. Ndagala huona nuru, huja kwa wingi, huzunguka chini ya taa. Taa ni ya bure kwao, hawalipi kitu. Wavu uko chini.

Mvuvi hana kosa, maana samaki waliumbwa wawe chakula. Lakini mtu si ndagala. Kwa hiyo yatupasa kuuliza, kila tunapoona taa ya bure: nani amenunua mafuta yake, naye anangoja nini?

Google ilianza mwaka 1998, na Facebook mwaka 2004. Watu wengi sana duniani huzitumia bila kulipa hata franka moja. Tena zina manufaa: kwa simu mtu wa Fizi huzungumza na ndugu yake aliye Nyarugusu au Marekani, naye mfanya biashara huuliza bei ya samaki kabla ya kusafiri. Tusidharau mema hayo. Lakini kampuni hizo zaishi kwa nini? Zaishi kwa matangazo. Mwaka 2023 kampuni ya Meta, yenye Facebook na WhatsApp, ilipata katika matangazo zaidi ya dola 95 katika kila dola 100 za mapato yake.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kila mara unapotafuta neno, unapotazama picha, unapokawia mahali, mashine huandika. Baada ya siku nyingi yajua unapenda nini, unaogopa nini, una umri gani, na huenda yajua hata una shida ya fedha. Kisha huja mwenye kuuza kitu, husema: "Nataka tangazo langu lionwe na vijana wapendao mpira, walio katika mji fulani." Kampuni hulipwa, nalo tangazo huwekwa mbele ya vijana hao tu. Mara nyingi daftari lenyewe halitolewi. Kinachouzwa ni nafasi ya kukujia wewe, mahali pako, saa yako, kwa neno linalokufaa au linalokunasa.

Kama tangazo ni la majembe kwa mkulima, ni sawa na mvuvi anayeita pwani. Kama ni la michezo ya kubahatisha kwa kijana ambaye mashine yajua hawezi kujizuia, ni sawa na yule aliyempeleka mjane kwa muuza pombe. Tofauti haimo katika mashine. Imo katika nia ya mtu: je, anatafuta hitaji lako alitimize, au anatafuta udhaifu wako aule?

Tena liko jambo la pili, zito zaidi. Mwaka 2018 dunia ilipata kujua habari za kampuni moja ya Uingereza, Cambridge Analytica. Watu wapatao 270,000 walikuwa wamejibu maulizo fulani kwa njia ya Facebook. Lakini pamoja na habari zao zilichukuliwa na habari za rafiki zao, ambao hawakuulizwa neno. Facebook yenyewe ilisema huenda hesabu yao ilifika milioni 87. Habari hizo zilitakiwa kwa kazi ya siasa, ili kuwavuta wapiga kura. Kampuni hiyo ilifanya kazi hata katika uchaguzi wa Kenya, mwaka 2013 na 2017. Mwaka 2019 serikali ya Marekani iliitoza Facebook faini ya dola bilioni 5 kwa kutozilinda habari za watu.

Shikeni neno hili: mtu mmoja alisema "ndiyo", nao mamia ya wengine walichukuliwa pamoja naye. Nani aliyempa mamlaka ya kusema "ndiyo" kwa ajili yao?

MAMBO MAWILI YA KENYA

Msidhani kwamba mambo haya ni ya Wazungu tu. Katika Kenya walitokea wakopeshaji wa kwenye simu. Mtu mwenye shida hubonyeza, nazo fedha humfikia mara moja, bila rehani. Lakini kabla ya kupewa, simu humwuliza kama akubali majina yote na namba zote alizoziweka zisomwe. Mwenye njaa hasomi maneno marefu. Hubonyeza "ndiyo".

Akichelewa kulipa, simu za watu wengine zalia. Anapigiwa bosi wake, mama mkwe, rafiki wa shule, jirani: "Fulani ni mdeni wetu. Mwambie alipe." Mama mkwe hakukopa kitu, hakubonyeza kitu, naye anaaibishwa pamoja na mkwewe. Serikali ya Kenya iliona ubaya huo. Kanuni za mwaka 2022 ziliwakataza wakopeshaji hao kuwapigia watu waliomo katika simu ya mdeni ili kumtia haya. Na mwaka 2023 ofisi ya kulinda habari za watu iliitoza kampuni moja ya kukopesha, Mulla Pride, faini ya shilingi 2,975,000, kwa sababu ya simu na ujumbe wa vitisho. Mwaka huohuo shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Kulipa deni ni wajibu, nasi hatumtetei anayekopa akijificha. Lakini mwenye kudai amdai mdeni wake. Haki ya fedha yake haimpi haki ya jina jema la mtu.

Jambo la pili lilitokea Nairobi, mwezi wa Julai mwaka 2023. Maelfu ya watu walipanga mstari, wengi wao vijana wasio na kazi. Waliitwa waangalie katika chombo cha mviringo king'aacho kama mpira wa chuma, nacho kilipiga picha ya mboni za macho yao. Mboni ya jicho ni kama alama ya kidole: hakuna watu wawili walio nayo sawasawa. Aliyekubali alipewa sarafu za mtandao, zilizokuwa na thamani ya shilingi 7,000 hivi. Kazi hiyo iliitwa Worldcoin. Tarehe 2 Agosti 2023 serikali iliisimamisha. Mwezi wa Mei mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru picha hizo zifutwe katika siku 7, tena ilisema kwamba ridhaa iliyovutwa kwa zawadi ya sarafu haikuwa ridhaa ya halali.

Wengine watasema: "Vijana walikubali wenyewe. Hakuna aliyewashika kwa nguvu." Ni kweli, hawakushikwa na mikono ya watu. Walishikwa na njaa. Ukimkuta mtu ana kiu jangwani ukamwuzia kikombe cha maji kwa shamba lake lote, amekubali kwa kinywa, lakini wewe umemnyang'anya. Namba ya siri ikiibwa, yaweza kubadilishwa. Jicho likiibwa, utapata wapi lingine?

"MIMI SINA LA KUFICHA"

Mtu mwema aweza kusema: "Mimi ni maskini tena mnyofu, sina la kuficha. Na waandike wapendavyo." Neno hili laonekana kuwa zuri, lakini halijafikiriwa vema.

Mwaka 1996 wengi wa Fizi waliikimbia vita wakavuka ziwa, wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma. Huko waliandikwa majina, na kwa kuandikwa walipata posho na turubai. Kuandikwa kuliwaokoa. Lakini tazameni na upande wa pili. Katika Rwanda, miaka ya 1930, serikali ya Wabelgiji iliwapa watu vitambulisho vilivyoandikwa kabila la kila mmoja. Yaonekana kama jambo dogo la ofisini, neno moja katika karatasi. Mwaka 1994 wauaji walisimama njiani, wakawaomba watu karatasi zile. Waliosomwa neno fulani waliuawa. Walikuwa hawana la kuficha. Hawakuwa wezi wala waongo. Neno lililoandikwa siku za amani lilisomwa siku za vita, na mwingine asiyekuwa mwandishi wake.

Kwa hiyo usiseme "sina la kuficha". Sema: "Sijui kesho daftari hili litakuwa mkononi mwa nani."

Mwingine atasema: "Mungu aona yote, hata mawazo ya moyo. Basi kwa nini mkristo ajifiche machoni pa watu?" Mungu aona yote, ni kweli, lakini yeye ndiye aliyetuumba, naye atujua ili atupende na kutusamehe. Hauzi alichokiona. Na mwangalie namna alivyoiweka Sakramenti ya Kitubio: padre asikiaye dhambi zako amefungwa kinywa kwa daima. Hawezi kuzitaja, hata akitishwa kuuawa. Kama padre, aliyepewa mamlaka ya kuondolea dhambi, hana ruhusa ya kulitoa neno moja, mfanya biashara ameipata wapi ruhusa yake? Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yafundisha waziwazi kwamba hakuna mtu apaswaye kumfunulia kweli asiye na haki ya kuijua. Kunyamaza mbele ya mtu wa namna hiyo si uongo.

YATUPASAYO SISI

Hatuna mamlaka juu ya kampuni za ng'ambo. Kongo inayo sheria yake ya mambo ya dijitali, ya tarehe 13 Machi 2023, yenye kulinda habari za watu. Yafaa viongozi wetu waijue na kuishika. Lakini tusingojee serikali kabla ya kutenda yaliyo mikononi mwetu.

Kwanza, usitoe kilicho cha mwingine. Simu ikikuomba majina ya watu wote uliowaandika, kumbuka kwamba majina hayo waliyakabidhi kwako. Usitangaze picha ya mtoto wa jirani, wala ya mgonjwa, wala ya maiti, bila ruhusa ya wenyewe.

Pili, kabla ya kutoa kilicho chako, uliza mambo matatu: Nani ataka? Ataka kwa kazi gani? Nikisema hapana, nitapoteza nini? Asiyekubali kuulizwa, usimpe. Namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata akijiita mtumishi wa kampuni ya simu.

Tatu, na hapa nawasihi sana, kila aliyepewa habari za watu na azilinde. Nasema kwa mwenye kibanda cha kutuma na kupokea fedha kwa simu, kwa mwuguzi wa zahanati, kwa mwandishi wa chifu, na kwa sisi walimu wa dini pia. Tuweke mfano. Mama mmoja amepokea dola 200 kutoka kwa mwanawe aliye mbali, ziwe za matibabu. Mwenye kibanda hamchukii. Jioni, akicheka na wenzake, asema tu: "Leo mama fulani ametajirika." Neno limetoka, lapita kwenye meza ya pili, lafika kwa watu asiowajua. Usiku mlango wa mama wapigwa, nao waliosimama nje wana bunduki. Katika nchi kama yetu, iliyoona vita, mwajua wenyewe kwamba mfano huu si ndoto. Yule mwenye kibanda hakuiba. Hakuua. Alisema neno la kweli lisilokuwa lake.

Twawalaumu wakubwa wa dunia kwa kuuza habari zetu kwa mabilioni, nasi twazitoa habari za jirani kwa kicheko cha jioni moja. Wao na sisi kosa letu ni moja. Tofauti ni kipimo tu.

MAULIZO YA KUKUMBUKA

1. Je, kukusanya habari za watu ni kosa?
Si kosa, kama kunafanywa kwa faida ya haki, wenyewe wakijua na kukubali.

2. Kunakuwa kosa lini?
Kunakuwa kosa habari zikichukuliwa kwa hila, au zikitumiwa kumnasa mtu katika udhaifu wake, au zikipewa mtu asiyestahili kuzijua.

3. Je, neno la kweli laweza kuwa dhambi?
Laweza, kama linafunua siri ya mwenzako bila sababu kubwa na kumletea hasara au aibu.

4. Je, maskini akikubali kwa ajili ya njaa, amekubali kweli?
Kinywa chake kimekubali, lakini aliyemtega atajibu mbele ya Mungu.

5. Habari za jirani yako ni mali ya nani?
Ni zake mwenyewe. Kwangu mimi ni amana.

Basi, wapendwa, siku padre atakapolifungua lile buku kubwa na kuandika jina lako, litazame. Limeandikwa na mtu aliyeahidi kulilinda. Nawe utoke kanisani ukayalinde vivyo hivyo majina yaliyo mkononi mwako.